Kadi Namba Kumi na Nne

Bi Pasi hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema, maana yatakayofuata hayampambi. Mtu mbaya hana aibu. Yeye aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto, mbele ya wenzake wote wa kitengo cha kufulia nguo cha hospitali, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, na aliyeiita ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Jina la Bi Pasi alilipata kwa miaka kumi na minane ya kusimama kwenye mtambo wa kunyooshea mashuka, mtambo wenye rola mbili za moto zisizojua tofauti ya kitambaa na mkono. Mwaka uliopita ziliushika mkono wake wa kulia. Madaktari wa ghorofa za juu, ambao mashuka ya wagonjwa wao alikuwa akiyanyoosha siku zote hizo, waliuokoa mkono, lakini vidole vitatu vilibaki vikavu, havikunjiki. Alipopona alirudishwa kazini kwa majaribio ya miezi mitatu, safari hii katika chumba cha kukunjia, ambako hakuna moto.

Mle ndani alimkuta somo wake. Wawili hao walikuwa na jina moja, na tangu walipoajiriwa wakiwa wasichana waliitana somo, mpaka watu wakasahau kwamba kuna jina jingine. Somo alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Akikunja shuka, utadhani shuka lenyewe ndilo lililoomba.

Zamani mashuka yalikunjwa na watu wawili. Mmoja huku, mwingine kule, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena, na hapo mnapokutana ndipo habari za watoto na mawifi zilipopita. Aliyeamka na homa alivutwa na mwenzake mpaka jioni. Hakuna aliyejua nani ni mwepesi na nani ni mzito, kwa sababu shuka lina ncha mbili na kazi ilikuwa ya wote.

Wiki ile ile aliyorudi Bi Pasi, ikafungwa mashine ya kuhesabu. Kila meza ikapigiliwa kibanio cha chuma cha kushika ncha ya pili ya shuka, ili mtu akunje peke yake. Ukimaliza mashuka kumi unafunga fungu, unalipeleka kwenye dawati lililo karibu na mlango, nyuma ya rafu, unagusisha kadi yako, na skrini ya ukutani inakuongezea moja. Kadi zenyewe zilitundikwa kwenye misumari pale pale dawatini, kwa kuwa mvuke uliziharibu zikikaa mifukoni. Msimamizi mpya, kijana mpole mwenye shati lililonyooka kuliko shuka lolote mle ndani, alisema skrini haina shangazi wala mjomba. Wanawake wakambatiza Bwana Takwimu, maana hata ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa asilimia.

Kiwango kilikuwa mafungu thelathini kwa siku. Wa majaribio asiyefika thelathini ajue safari imeiva. Siku ya kwanza Bi Pasi alipata kumi na saba, akaenda kujifungia chooni alie. Somo alimfuata akamgongea mlango, akamwambia mkono ule si wa kubeba mizigo, akunje tu, mafungu yake atakuwa anampelekea yeye. Kesho yake kadi namba kumi na nne ilisoma thelathini na moja.

Bi Pasi alicheka mpaka machozi. Wiki iliyofuata akawa na thelathini na sita, halafu arobaini. Aliwaeleza watu kwamba ni yale mazoezi ya kubinya mpira kila asubuhi. Kuhesabu mwenyewe hakuhesabu, nani anahesabu siku hizi na skrini ipo? Huenda kulikuwa na kona ya moyo wake iliyojua kwamba vidole vilikuwa vile vile na shuka lilimchukua muda ule ule. Lakini kona hiyo hakuiwashia taa.

Mwezi wa tatu jina lake likapanda juu kabisa. Bwana Takwimu akampa cheti chenye muhuri, binti yake akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Bi Pasi akaanza kusema "sisi tunaojituma". Akamwambia Mrefu, aliyeitwa hivyo kwa sababu inayoonekana, kwamba angepunguza kunyooka mgongo angeongeza mafungu. Akamwambia Mama Redio kwamba mdomo haujawahi kukunja foronya. Na Somo, ambaye kadi yake namba tisa ilikuwa inaburuza mkia kule chini ya skrini, akamtania mbele ya wote, akamuuliza siku hizi ameolewa na usingizi nini. Somo naye alicheka. Hilo ndilo linalomchoma Bi Pasi kuliko yote, kwamba alicheka.

Alhamisi moja aliitwa ofisini. Miaka kumi na minane, na ndiyo kwanza alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Bwana Takwimu alimweleza kwamba amependekezwa kuwa mkufunzi wa chumba kizima. Kisha akasogeza fomu. Mkataba wa kadi namba tisa ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na mafungu yake yalikuwa kumi na tisa, kumi na nane, siku nyingine kumi na tano. Takwimu, alisema, hazitaji sababu. Yeye Bi Pasi yuko meza ya jirani, je, yule ni mgonjwa au ni mvivu?

Bi Pasi alijua kilichokuwa mezani. Mume wa Somo alikuwa hana kazi mwaka wa pili, na watoto wawili walikuwa sekondari. Alijua pia kwamba ingetosha kusema hajui. Lakini kiti kile kilikuwa laini, na kijana alikuwa ameshika kalamu akimngoja kama mtu anayengoja jibu la daktari. Akajidanganya kwamba anamsaidia, kwamba mvivu akikemewa hunyooka. Akaiandika mwenyewe, taratibu, kwa vidole viwili vilivyobaki na uhai: "Si mgonjwa. Huacha meza yake mara kwa mara." Akatia sahihi.

Ijumaa Somo alihamishiwa chini, kwenye chumba cha kuchambulia nguo chafu, akae huko mpaka mkataba uishe. Alikusanya aproni na chupa yake ya chai bila kelele. Alipopita kwenye meza ya Bi Pasi alisimama kidogo.

"Fungu zima usilibebe kwa mkono huo, somo," alimwambia. "Ligawe mara mbili."

Ndipo ikaja Jumatatu. Bi Pasi alikunja tangu saa moja bila kuinua kichwa, akipeleka mafungu yake mwenyewe, nusu nusu. Saa nne akatazama ukutani kwa ile raha aliyoizoea, akaona kadi namba kumi na nne ina mafungu matano. Akafuta macho kwa aproni, akatazama tena. Matano. Hapo angenyamaza, yangepita kimya kimya. Lakini mtu aliyezoea kuwa juu hajui kunyamaza, akamwita Bwana Takwimu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mitambo ya kukaushia. Alisema mashine imeharibika. Alisema ni dhuluma, mtu anakunja tangu alfajiri hana hata nafasi ya kumeza mate, halafu chuma kinamlia jasho lake. Alisema anasema kwa niaba ya wafanyakazi wote.

Kijana alikuja na tableti yake. Akajaribu kadi ya Mrefu, ikasoma. Akajaribu ya Bi Pasi, ikasoma. Bi Pasi akasisitiza aifungue mashine na ndani, aite fundi. Hata Mama Redio alizimika. Mrefu akaweka shuka lake mezani.

"Mashine ni nzima, dada," alisema. "Wabovu ni sisi tulionyamaza. Mafungu yako alikuwa anakujazia Somo kutoka kwenye yake. Kila akienda pale mlangoni, lake moja analigusishia kadi yako. Alituapisha tusikwambie."

Hakuna aliyemcheka. Angechekwa ingekuwa afadhali. Wote walikuwa wanaangalia mashuka yao, na Bi Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze pale aliposimama. Maneno aliyoandika yakamrudia moja baada ya jingine. Huacha meza yake mara kwa mara. Mafungu ya nani yalikuwa yanamtoa mezani? Siku zote alimwona akipita na mzigo, mzigo wake yeye, akauona kama watu wanavyouona mlango. Nyani haoni kundule, lakini huyu lilimpita mbele ya macho kila siku, na bado akamwandikia mwenzake ripoti.

Alishuka ngazi. Kule chini harufu ilikuwa ya hospitali yenyewe, ile ambayo mashuka yakishafika juu hayana. Somo alikuwa amevaa glavu mpaka kwenye viwiko, anatenganisha yenye damu na yasiyo na damu.

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Pasi aliuliza, na papo hapo akaona aibu kwamba hata sasa ameanza kwa kulaumu.

Somo aliendelea kuchambua. "Nilitaka kukuambia siku ile ya thelathini na moja. Ila ulicheka. Tangu uungue sikuwa nimekusikia ukicheka. Nikasema nitakuambia kesho."

"Ile fomu, Bwana Takwimu alikusomea?"

"Alinisomea."

"Yote?"

"Yote, mpaka sahihi."

Bi Pasi aliomba radhi. Alitaka kumshika mkono, lakini glavu zilikuwa chafu, na wake ulikuwa na vidole visivyoshika. Somo akasema yamekwisha, kwa sauti ya mtu anayemaliza shughuli, akavuta kapu jingine.

Bi Pasi alipopanda juu hakwenda ofisini. Alimwomba Bwana Takwimu asimame pale mezani kwake na saa, mbele ya wote, amtazame anavyokunja na anavyobeba mwenyewe. Saa nzima. Kila shuka lililomponyoka kwenye kibanio aliliokota na kuanza upya. Mara ya tatu Mrefu alitoka mezani kwake kuja kumsaidia, akamkataza. Saa ilipoisha alikuwa na fungu moja na mashuka sita. Akamwambia kijana aandike hivyo hivyo, na afute yale mengine yote, na ile fomu aichane kwa sababu aliyeiandika hakuwa na haki ya kuiandika.

Kwa mara ya kwanza Bwana Takwimu alikosa asilimia. Alikaa juu ya kapu tupu, akauliza kazi hii basi inahesabiwaje. Mrefu akamjibu kwamba shuka lina ncha mbili. Ilichukua siku kadhaa na barua kadhaa. Kugusisha kadi ya mwenzako ni kosa, kwa hiyo wote wawili walipewa onyo la maandishi, mwenye kusaidia na mwenye kusaidiwa, sawasawa. Lakini mkataba wa Somo uliongezwa, vibanio vikafunguliwa, na tangu hapo skrini ikahesabu meza yenye watu wawili. Ukufunzi ukafa bila matanga. Cheti Bi Pasi alikishusha mwenyewe, na binti yake alipouliza alimjibu kwamba kilikuwa na makosa ya uchapaji. Hata hapo hakuweza kusema kweli.

Somo alirudi juu Jumatano ya wiki iliyofuata. Wakapangiwa meza moja. Bi Pasi alikuwa amekesha akiyapanga maneno, marefu, yenye mwanzo na mwisho, ya kumwambia shuka la kwanza likifunguliwa. Somo akalikung'uta, likajaa hewa katikati yao, akamnyooshea ncha.

"Shika huku, mama," alisema.

Ni neno la heshima. Wauguzi humwita hivyo, na msukuma toroli, na kila asiyemjua. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa kumwita mwenzake mama. Bi Pasi alingoja shuka la pili, na la tatu, mpaka fungu la kwanza likafungwa, na jioni ikafika, na lile jina la siku zote, somo, halikuja. Kila aliponyooshewa ncha, alishika.