Enid Yuko Botini

Kwa miaka kumi na tisa, kila Mei, Clifford na mkewe Enid walipita mfereji ule ule na kufunga boti pale pale: chini ya mierebi ya Daraja la 41, kisha kwenye kona yenye jua la asubuhi, kisha nyuma ya baa ya Jembe, ambako pai ya nyama na figo ni ya kulamba vidole. Clifford alishika usukani. Malango ya maji, yale yanayoifungia boti ndani ili maji yajae na kuipandisha kilimani, yalikuwa kazi ya Enid, na ole wake aliyejaribu kumsaidia.

Enid alifariki Februari. Mei ilipofika Clifford akaondoka peke yake, mkaidi yule, na baa mbili za kwanza akazipita ameinamisha kichwa, maana angeulizwa habari za Enid. Neno lenyewe alikuwa hajalitamka. Hata majirani waliambiwa na binti yake. Siku ya sita upweke ukamshinda, akaingia Jembe.

"Cliff! Nilidhani mmetususa," akasema Glenys, mwenye baa. "Bibi yuko wapi?"

"Yuko botini. Miguu inamsumbua."

Uongo ulimtoka hivyo hivyo. Glenys akamtazama kidogo, akamfungia pai ya Enid. "Mpelekee ingali moto." Botini Clifford akaiweka upande wa Enid wa meza. Alijiona mpumbavu, lakini hakuweza kuiondoa.

Asubuhi akabanwa. Lango linalofuata liko mbele ya madirisha ya baa, na watu wa mfereji wanajua kuwa mwenye mke hashuki usukani kwenda kufungua lango mwenyewe. Boti ya futi sitini nayo haigeuki popote upendapo. Akaiingiza langoni, akapanda ngazi yenye utelezi, kamba begani. Juu akamkuta Glenys na aproni yake, ameshaegemeza mgongo kwenye boriti ya lango.

"Jana nilikudanganya," akasema Clifford. "Enid..." Akaitua kamba. "Enid amekufa."

"Najua, kaka. Enid gani huyo wa kuletewa pai? Angekuja hata kwa magoti, anigombeze kwa chumvi."

Clifford akacheka, kisha akalia bila kujificha. Wakasukuma pamoja, maji yakajaa, boti ikapanda. Glenys akamkumbatia, akarudi jikoni. Wateja walikuwa wanangoja chai.

Mbele kulikuwa na malango mengine kumi na moja, na hakuna hata moja lenye baa kando yake.