Santuri Iliyogeuzwa Ukutani

Siku Ngoako alipofariki, wimbo wake ulikuwa unapigwa.

Ilikuwa Jumapili ya Septemba, mchana, uani kwake Mamelodi, kitongoji cha Pretoria, na chama cha jazi kilikuwa kimekutana kama kawaida. Wanaume walivaa viatu vya rangi mbili vilivyong'arishwa hadi ungeweza kujitazama, wanawake wamekaa kivulini na vikombe vyao vya tangawizi, na gramafoni ilikuwa mezani chini ya dirisha. Katika chama kile kila mtu alikuwa na wimbo wake. Ukipigwa, yeye ndiye anayeingia kati ya duara kucheza, wenzake wakimpigia makofi na kumtania magoti. Wa Ngoako ulikuwa wake mara mbili, maana aliutunga mwenyewe na tarumbeta iliyosikika ndani yake ilikuwa yake. Uliitwa "Moshi wa Mokgaetji". Aliutunga majira ya baridi waliyooana, siku mkewe, Mokgaetji, alipoingiza jiko la makaa ndani kabla halijashika vizuri, nyumba nzima ikakohoa.

Wimbo ulianza, na duara likabaki tupu.

"Bra Ngoako yuko wapi? Kaka yetu amekimbia moshi?"

"Mwacheni mzee, anatafuta magoti yake chini ya kitanda!"

Mokgaetji akacheka, akaingia kumwita. Alimkuta ameketi kitandani, mgongo ukutani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Nje, tarumbeta yake ilikuwa inapanda, na watu wanapiga makofi.

Hakupiga kelele. Alitoka, akawapita wote, akainua sindano kutoka kwenye santuri. Ukimya ulipoingia uani, wote wakajua.

Aliyefanya kilichobaki alikuwa Tladi, mpiga piano, rafiki wa Ngoako tangu ujana wao. Aliifuta santuri kwa kitambaa chake cha mfukoni, akairudisha ndani ya jalada, akaipeleka sebuleni na kuisimamisha juu ya piano, picha yake ya jaladani ikitazama ukuta. Ndiyo desturi ya chama. Mwenzao akifa, wimbo wake unafungwa. Haupigwi, hauimbwi, hata kwa mluzi, hadi siku mjane anapovua nguo nyeusi, mwaka ukizunguka. Siku hiyo mjane mwenyewe hugeuza jalada, wenzake wakaupiga wimbo kwa mikono yao, na marehemu akaachwa aende kwa amani. Kuupiga kabla ni kumfukuza mtu nyumbani kwake hata hajamaliza kufunga mizigo.

Mokgaetji alivaa nyeusi. Alikaa karibu na mlango, alisema kwa sauti ya chini, hakumpa mtu mkono, na jua halikumzamia njiani. Kila asubuhi alipangusa vumbi juu ya piano na kuiruka ile santuri, asije akaisogeza.

Mwezi wa Mei Tladi alikuja na msichana wa mjini aliyeitwa Bontle, nadhifu, mwenye maneno mengi. Alitoka kwenye ukumbi mkubwa wa Pretoria. Walikuwa wanaandaa tamasha la kumuenzi Ngoako na muziki wote wa vitongoji, mwezi wa Juni, na walitaka baraka za mjane.

Ukumbi ule Mokgaetji aliujua kwa nje. Zamani mlango wake haukuwa wa watu weusi. Baadaye ulifunguliwa, lakini kila mwaka Ngoako alipokwenda kuomba siku moja tu ya kupiga na bendi yake, aliambiwa kalenda imejaa. Kumbe kalenda ilikuwa inasubiri afe.

Alilimeza hilo. Alisema tu, "Pigeni zote. Ule mmoja msiuguse."

Bontle akafungua mdomo. Tladi akamwahi. "Shemeji, hilo la kuniambia mimi? Si mimi niliyeigeuza ile santuri? Naapa kwa kaburi la mama yangu, hautapigwa."

"Umeapa, Tladi."

"Nimeapa."

Hunadi, dada yake Ngoako, alikuwa jikoni akikaanga maandazi, na masikio yake yalikuwa sebuleni. Walipoondoka alitoka akipangusa mikono. "Wifi, yule Tladi amekula maandazi sita. Mtu wa kweli hali maandazi sita."

"Ana njaa tu."

"Ya nini? Hilo ndilo ninalouliza."

Hata hivyo ni Hunadi aliyetoa ruhusa ya upande wa mume, kwa kuwa tamasha lilikuwa la mchana wa Jumapili. Akasema wataenda wote wawili, na jua lizame wakiwa nyumbani.

Siku ilipofika baridi ilikuwa inauma. Waliwekwa viti vya mbele kabisa. Watu wa chama, na viatu vyao vya rangi mbili, walipelekwa juu kule nyuma, karibu na dari. Jukwaa lilikuwa limejaa maua.

"Maua!" alisema Hunadi. "Kaka yangu akiona maua anapiga chafya. Wangemwekea sahani ya utumbo na ugali wake, angefufuka."

Mokgaetji alikuwa anatazama pazia la nyuma ya jukwaa. Walikuwa wameitundika picha ya jalada la santuri, ndefu kama nyumba: Ngoako kijana, kofia imeinamia jicho moja, tarumbeta kifuani. Picha ile ile iliyokuwa inatazama ukuta sebuleni kwake. Tangu Septemba hakuwa ameiona sura ile. Alikuwa amejiwekea akiba, ya siku atakayoigeuza kwa mkono wake, na hapa ilikuwa imemwagwa mbele ya watu wanaotafuna karanga.

Bontle alikuja ameinama, anatabasamu. "Imependeza, mama?"

"Nani amewapa?"

"Bra Tladi."

Moyo wa Mokgaetji ulianza kuchemka polepole, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Lakini picha si wimbo, alijiambia. Akatulia.

Bendi ilipanda. Tladi, suti ya kijivu, akaketi kwenye piano nyeusi inayong'aa. Walipiga nyimbo za zamani za vitongoji, zile za harusi na za kuhamishwa kwa nguvu, na walizipiga vizuri, asiseme mtu uongo. Miguu ya Mokgaetji ilisogea yenyewe chini ya sketi nyeusi. Kwa muda mfupi alikaribia kuwasamehe maua, na pazia, na kalenda.

Kisha mshereheshaji akaja mbele akisugua mikono. "Na sasa, mabibi na mabwana, ule mliokuja kuusikia!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tladi hakutazama viti vya mbele. Aliinamisha kichwa, mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye sauti nzito, ukaanza kutembea.

"Wifi," Hunadi alimshika goti. "Siyo wenyewe. Niambie siyo."

"Ndiyo wenyewe."

Hakuwa na haja ya kusikia zaidi. Mkono ule wa kushoto alikuwa ameusikia sebuleni kwake maisha yake yote ya ndoa, dirisha likiwa wazi, Ngoako amesimama uani akisubiri zamu ya tarumbeta. Aliona kitanda. Aliona kiatu mkononi. Walikuwa wanamtoa. Walikuwa wanamtoa mume wake nje kwa makofi, na yule aliyemfungia mlango ndiye aliyeshika ufunguo.

Mjane wa nguo nyeusi hapiti mbele za watu. Mokgaetji alipita. Alipanda ngazi za jukwaani, mtandio wake umebanwa kwa pini kifuani, na mlinzi aliyetaka kumzuia aliona nguo akarudi nyuma. Kijana wa tarumbeta alikuwa tayari ameiweka mdomoni. Alimtazama, akaishusha.

Tladi aliona kivuli juu ya piano. Hakuacha kupiga. "Shemeji, kaa chini. Nakuomba. Tutaongea."

"Toa mikono."

"Watu wanatazama."

"Toa mikono yako, Tladi."

Akashika kifuniko cha piano na kukishusha. Hakukitupa, hakukipunguza kasi. Vidole vya Tladi viliponea chupuchupu. Kulikuwa na kipaza sauti ndani ya piano, na kishindo kilijaa ukumbi kama mlango wa chuma.

Mshereheshaji akakimbia na kipaza sauti chake, akamwekea mjane mdomoni, akidhani labda kuna hotuba. Mokgaetji alikisukuma pembeni. Alisema kwa sauti ile ile ya chini aliyoitumia tangu Septemba, na ni waliokaa mbele tu waliosikia.

"Uliapa kwa kaburi la mama yako. Mimi ndiye niliyepika kwenye mazishi yake."

Nyuma mtu akapiga kelele, "Tumelipa sisi! Mtoeni huyo bibi!"

Hunadi akageuka, mkono kiunoni. "Umelipia kiti, mjinga wewe! Hukulipia mume wa mtu!"

Kule juu karibu na dari, mzee mmoja wa chama alisimama, akavaa kofia yake. Wa pili akasimama. Wakaanza kutoka kwa mstari, viatu vyao vikigonga ngazi.

Tladi aliwakuta Mokgaetji na Hunadi nje, hana koti, pumzi yake ikifuka kwenye baridi. "Umeniaibisha, Mokgaetji. Mbele ya Pretoria nzima."

"Pretoria ndiyo iliyokuzaa?"

"Sikiliza. Walisema bila wimbo ule hakuna tamasha. Hakuna! Ngoako aliomba ukumbi ule miaka mingapi? Leo jina lake limeandikwa juu ya mlango."

"Jina lake. Yeye mwenyewe mlimpa nini?"

"Tazama, basi." Alimnyooshea mikono. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimejikunja na havikunyooka. "Mpiga ngoma wetu amekufa. Wa saksafoni amekufa. Hivi vilianza kufa ganzi Krismasi. Nani ananihakikishia vitafika Septemba? Nilitaka kuupiga mara moja mahali pakubwa, kabla sijawa mtu wa kuusikiliza tu. Ni dhambi?"

Mokgaetji alivitazama vidole vile. Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulimwongezea hasira badala ya kuipunguza.

"Ungekuja," alisema. "Nyumba unaijua. Ungekaa pale kwenye kiti chako ukaniambia, shemeji, mikono yangu inakufa, naogopa. Ningelia nawe. Pengine ningekwenda kwa wazee nikakuombea. Lakini ulikaa ukala maandazi yangu, ukaniangalia machoni, ukaapa. Ulijua tayari. Siku ile ulikuwa umeshawapa picha."

Tladi alificha vidole makwapani.

"Sita," alisema Hunadi. "Alikula sita."

"Twende, wifi. Jua linazama."

Walifika Mamelodi bado kuna mwanga. Mokgaetji hakuvua viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye piano. Santuri ilikuwa pale pale, mgongo kwa watu, na vumbi la siku moja juu ya ukingo wa piano. Alilipangusa. Kisha akakaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, na hasira ikakaa naye. Haikumtoka usiku ule wala wiki ile. Watu wa chama walikuja mmoja mmoja kusema Tladi afukuzwe. Wengine walisema afutwe hata kwenye picha. Aliwasikiliza wote, akawapa chai.

Mwisho Hunadi alimuuliza waziwazi. "Wifi, na siku ya kuvua? Nani atapiga?"

Mokgaetji alitazama piano. "Nenda kwa Tladi," alisema. "Mwambie asiniletee maneno, na asinipe mkono. Aje na vidole vyake."

Nguo nyeusi inavuliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba, asubuhi, uani. Mokgaetji atageuza santuri, dirisha litafunguliwa, na piano ya sebuleni itapigwa na Tladi, kwa sababu kati ya waliobaki hakuna mwingine anayeujua mkono wa kushoto wa wimbo ule.