Bei ya Baiskeli ya Watu Wawili

Waliponiita nilidhani kuna pancha. Mimi ni mtu wa kuzunguka. Nimeziba pancha na kunyoosha rimu katika miji mingi, na nikifika mahali nakaa mpaka nyayo zianze kuniwasha tena. Shule nilisoma vipande vipande, huku mwaka, kule muhula. Lakini baiskeli nazijua, na katika mtaa ule nilikuwa na sifa moja iliyohitajika siku hiyo: sikuwa ndugu wa mtu.

Shangazi, mama mnene mwenye funguo kiunoni, ndiye aliyenifungulia geti. Nyumba ilikuwa yake.

"Ingia, Babu Pampu," akasema. "Leo humu hakuna salamu. Ukisalimia mmoja, mwingine atasema umeegemea upande."

Uani walikaa watu watatu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Binti wa kaka yake Shangazi, fundi cherehani, alikuwa bado na tepu ya kupimia shingoni. Ubavuni pake alikaa mdogo wake wa kiume, asiyeona, opereta wa simu hospitalini. Upande wa pili, kwenye kiti cha peke yake, alikaa dalali wa nyumba, aliyekuwa mume wa fundi mpaka mwezi uliopita. Viatu vyake viling'aa kuliko sufuria za Shangazi.

Katikati yao imeegemezwa baiskeli ya watu wawili. Fremu moja ndefu, siti mbili, usukani wa mbele unaogeuka na wa nyuma usiogeuka. Upande wa kushoto kuna mnyororo wa ziada unaofunga pedali za mbele na za nyuma zizunguke pamoja, utake usitake.

Shangazi akanieleza. Vitu vya ndoa vilikwisha kugawanywa, kitanda huku, friji kule, ikabaki hii. Dalali aliinunua kwa mgeni aliyekuwa anahama, akaipiga picha siku ya harusi, na baada ya hapo hakuigusa tena. Aliyeitumia ni fundi. Kila siku yeye mbele, mdogo wake nyuma, wanapanda kilima mpaka hospitali. Sasa mimi nitaje bei. Fundi akiweza kumlipa dalali nusu yake, baiskeli inabaki. Akishindwa, dalali anaichukua, anaiuza na kumpa yeye nusu.

"Na ikienda," Shangazi akasema, "huyu mwanangu atapanda teksi kila siku mpaka mshahara uishe, au aache kazi akae humu ananisikiliza nikipika."

"Mzee hajaitwa kuhurumia watu," dalali akasema. "Ameitwa kupima chuma."

"Basi nyamaza apime," akasema fundi.

"Mnaona? Ndiyo maana nilikuwa nalala na redio."

"Ulilala na redio kwa sababu ndiyo pekee iliyokuvumilia."

Nikaipindua, siti chini. Kwa urefu ule peke yako huwezi. Shangazi akanishikia nyuma. Nikagonga spoku moja moja kwa spana ndogo huku nikisikiliza. Zote zikatoa mlio uleule. Nikauliza nani anazikaza.

"Mimi," akasema opereta. "Nazisikia zikilegea."

Nikapitisha kidole kwenye viungo vya fremu nikitafuta ufa. Hakuna. Gololi za pedali za nyuma zilikuwa zimeliwa kidogo, na meno ya gia kubwa yamechongoka kama ya msumeno. Rangi imechubuka, lakini ni ya kiwandani. Hilo ni zuri, maana rangi mpya huficha mambo.

Dalali akanisogezea simu usoni. "Soma hapo. Ya aina hii hii. Umeona bei?"

"Hiyo ni ya anayeomba. Nionyeshe aliyelipa."

"Nina meneja wa hoteli. Anataka wageni wake wazunguke nayo bustanini."

"Ameiona?"

"Nimemweleza."

"Kueleza anajua," fundi akasema akiwa anatazama ukuta. "Nami nilielezwa hivyo hivyo."

Nikawaambia ninavyopima kitu cha namna ile. Baiskeli ya kawaida inamtaka mnunuzi mmoja tu, mwenye miguu. Hii inawataka wawili, tena wanaoelewana, na wawe na pa kuilaza, kwa sababu kwenye kona ya ngazi haipiti. Mnyororo wa kushoto ukikatika hupati dukani, utaunga miwili. Kwa hiyo nikachukua bei ya baiskeli mbili za kawaida zilizotumika, nikatoa ya gololi na yale meno yaliyoliwa, nikaitaja.

Fundi akashusha pumzi. Nikajua anayo nusu yake, na haizidi hapo.

Dalali aliruka kama kakalia msumari. "Mbili? Hiki ni kitu adimu, mzee! Mji mzima hakuna nyingine!"

"Na mji mzima hakuna anayeitafuta, isipokuwa hawa."

"Wamekuhonga."

"Kijana, nimefukuzwa miji mingi kwa mambo mengi, rushwa haimo. Hebu nitazame vizuri. Hii suruali ni ya mtu aliyehongwa?"

"Haijui huyu! Baiskeli haipimwi kwa kugongwa gongwa kama nazi. Nyumba inatembelewa, gari linawashwa. Hii ipandwe! Ipandwe sasa hivi, mtaona inavyoteleza, halafu turudi kwenye bei."

Hapo alisema kweli, na niliudhika kwamba aliyesema ni yeye. Baiskeli ya watu wawili husema mambo yake ikiwa na uzito wa wawili juu. Nikamwambia ni sawa, mimi goti langu moja halikunjiki vizuri, atafute mwenzake.

Wote wakamtazama fundi.

"Mimi na yeye kwenye mnyororo mmoja?" akasema. "Nimetoka huko juzi."

"Na mimi msinitazame," akasema Shangazi.

Akabaki opereta. Katika ndoa yote ile dalali hakuwahi kupanda naye; aliona haya kuonekana naye barabarani. Sasa akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akamshika mkono kwa nguvu mno akamweka siti ya nyuma.

"Haya, shemeji. Wewe kaa tu. Kazi nafanya mimi."

"Ndiyo, shemeji," opereta akajibu kwa upole. "Nitakaa."

Wakatoka getini wakiyumba. Njia ile inapanda mpaka kwenye tangi la maji; hapo ndipo wangegeuza na kurudi. Mimi na fundi tukasimama getini. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza gololi, lakini macho yangu yalivutwa na miguu ya nyuma. Pedali ilipokuwa inashuka, mguu wa opereta ulikaa juu yake kama jani. Ilipokuwa inapanda, shavu la mguu likajitokeza, akaikandamiza chini. Uso wake umetulia, kidevu juu, anapiga mluzi.

Mbele yake dalali alikuwa amesimama wima juu ya pedali, tai imerukia mgongoni.

"Mbona nzito?" tukamsikia anauliza.

"Ndivyo ilivyo, shemeji. Dada huwa anasukuma tu, halalamiki."

Fundi akachukua ncha ya tepu yake akaing'ata. Mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa kicheko, lakini sauti haikutoka. Akanitazama mara moja. Nikarudi kusikiliza gololi.

Kabla ya tangi, wanawake wawili wenye ndoo walisimama kutazama. Mmoja akamuuliza dalali kama anavuta trela. Na waliporudi, kwenye mteremko, aliogopa kasi akabana breki mpaka chini, baiskeli ikalia njia nzima.

Akaingia uani shati limemgandia mwilini, kiatu kimoja kimechunika pembeni.

"Hii si baiskeli," akahema. "Hii ni mzoga wa ng'ombe. Meneja wa watu angenirushia usoni."

"Tuliambiwa inateleza," Shangazi akasema.

"Mama, niache! Miaka yote mmekuwa mnapanda kitu hiki mnacheka? Nyinyi si wazima." Akanigeukia. "Mzee, ile bei."

"Ileile. Gololi na meno nilishavitoa. Haijashuka."

"Isishuke! Wachukue! Nusu yangu mkononi, sasa hivi, kabla haijafia hapa."

Fundi akafungua pochi yake, akampa. Shangazi akashuhudia kwa sauti, kwamba limekwisha na hakuna wa kurudi kulia kwake. Dalali akaanza kuvaa koti, lakini mkono uligoma kuingia kwa sababu ya shati bichi, akabaki anahangaika nalo.

Zamu ya mchana ilikuwa inamngoja opereta. Fundi akaiondoa tepu shingoni, akakaa mbele. Mdogo wake akaitafuta siti kwa kiganja, akapanda. Hawakuambiana hata "twende". Ile baiskeli ikatoka getini kimya, ikashika kilima, mnyororo unavuma kama cherehani. Wale wanawake wenye ndoo walilazimika kuruka pembeni. Kufika kwenye tangi opereta akainua mkono mmoja akatupungia, bila kugeuka, kisha wakapotea.

Dalali alikuwa amefika getini, koti limeingia mkono mmoja.

"Alikuwa anakaza," akasema polepole. Halafu kwa sauti kubwa: "Yule kipofu alikuwa ananikazia! Mzee, wewe uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza!"

"Bei nilikupa kabla hujapanda. Ukaikataa, ukapanda, ukarudi ukaikuta palepale."

"Nitawashtaki wote!"

"Nenda," akasema Shangazi. "Hakimu akuulize ulikuwa unatazama wapi wewe mwenye macho."

Akaangaza huku na huku akitafuta cha kuumiza. Akapiga teke mfuko wangu wa kazi. Spana zikatawanyika uani, nyingine mpaka chini ya karo la kuoshea vyombo. Nikapiga magoti, moja likilia, nikaanza kuziokota.

Shangazi alikuwa amelishika geti.

"Subiri hapo," akamwambia dalali. "Hutoki mpaka Babu aseme zimetimia."

Akasubiri, mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje. Sikufanya haraka.