Kaseti Moja ya Baba

Baba, mzee Valdemar, alikuwa na kaseti moja tu. Alipopenda nyimbo mpya alibandika karatasi kwenye vitundu vya juu vya kaseti ili ikubali kurekodi tena, akarekodi juu ya zile za zamani. Kila mara aliishia mapema kidogo kuliko mara iliyotangulia, kwa hiyo mwisho wa mkanda ulikuwa na masalio ya nyimbo za zamani. Mimi nilidhani ni uvivu.

Zilipobaki siku mbili kumaliza matanga yake, niliipeleka mjini Mtwara kwa Gaudensi, fundi redio, aihamishie kwenye flashi. Tuliisikiliza yote. Ilianza kwaya ya kigango chetu cha Mahurunga, nyimbo za uzee wake. Ikakatika katikati ya ubeti, likaingia dansi. Hilo nalikumbuka. Nilikuwa darasa la pili, korosho zimeuzwa vizuri, Baba akamvuta Mama wacheze uani, naye ungo ungali mkononi. Dakika chache za mwisho zilikuwa magitaa ya Msumbiji, alikozaliwa. Alirekodi kwa kuweka redio karibu na redio, maana sauti za watu zimo. Baba, bado kijana, anacheka na kuita, “Marlene, njoo.” Mwanamke anaitikia.

Mama yetu ni Zulmira.

Nilimpigia kaka yangu, Helder. Akasema kipande hicho kikatwe; Mama hawezi kuletewa mwanamke mwingine mbele ya waombolezaji. Gaudensi alishika kipanya cha kompyuta akiningoja. Nilimwambia aache. Kukata au kutokata haukuwa uamuzi wangu.

Kesho yake nilimkuta Mama akimenya mihogo ya wageni, nikawasha spika ndogo. Kwenye kwaya aliimba kwa chini. Kwenye dansi alisema Baba hakujua kucheza, kazi yake ilikuwa kumkanyaga vidole. Magitaa yalipoingia aliweka kisu chini. Nikanyoosha mkono kuzima, akaushika.

“Acha iishe, Sonia. Huyo ni mke wake wa kwanza. Vita vilimchukua kulekule, baba yako akavuka Ruvuma peke yake. Aliponioa alitaka kuifuta yote. Nikamwambia, hapo mwisho usipaguse.”

“Hukuona wivu?”

“Niliona. Mwaka mzima. Halafu nikazoea, kama mtu anavyozoea wifi.”

Akarudi kwenye mihogo.

Helder alipofika jioni nilimweleza. Akamuuliza Mama kama Marlene alizikwa. Mama akasema Baba hakuwahi kujua.

Siku ya kumaliza matanga tulipiga flashi nzima. Baadhi ya majirani waliguna dansi lilipoingia baada ya kwaya, wengine wakatikisa mabega palepale kwenye mikeka. Kabla ya sala, katekista alipokuwa akiandika majina ya marehemu wa kuombewa, Mama alimwomba aongeze la Marlene. Katekista akauliza ni nani wetu.

“Ni wa nyumbani,” Helder akamjibu.