Kipa wa Maziwa

Lenny alichukuliwa mchana kweupe, pale stejini pa boda boda mtaani Langas, akiwa bado na chapati mkononi. Wanaume waliovaa kofia na barakoa waliteremka kwenye gari jeupe lisilo na namba, wakamshika ukosi, wakamsukuma ndani. Chapati ikabaki kwenye matope. Walioona walikuwa wengi, lakini wa kusema alichoona hakupatikana hata mmoja.

Habari zilimfikia Ronnie Wamalwa mazoezini, akiwa anavaa glavu zake. Yeye ndiye aliyekuwa kipa na kapteni wa Tambarare Rangers, na Lenny alikuwa winga wake wa kulia, kijana mwenye mbio za swara na mdomo usiojua kufungwa. Juma lililotangulia Lenny alikuwa ameingia barabarani na vijana wenzake kuandamana dhidi ya serikali, akiwa amevaa jezi yake ya timu, namba saba mgongoni. Picha yake akiwa amebebwa mabegani mwa watu ilizunguka kwenye simu za nusu ya nchi.

"Andamana, lakini vua jezi," Wamalwa alikuwa amemwonya.

"Kapteni, nikivua jezi mimi ni msee tu kama wengine," Lenny alijibu akicheka. "Nikivaa, wananiskiza."

Sasa Wamalwa alizunguka vituo vya polisi pamoja na Mideva, mamake Lenny, mwanamke mfupi aliyeuza mboga sokoni na ambaye alitembea haraka kama mtu anayechelewa kanisani. Kila walikoenda, askari wa zamu alitikisa kichwa hata kabla jina halijamalizika kutamkwa. Mbele ya kituo cha mwisho Mideva alisimama, akamgeukia kipa.

"Wewe ndiye mkubwa wao pale uwanjani," alisema. "Mtoto wangu amepotea na nyinyi mtacheza tu mpira?"

Wamalwa alimsindikiza hadi nyumbani. Lakini usiku ule swali lile halikumpa usingizi, na kulipokucha aliwaita wachezaji pembeni kabla kocha hajafika.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya nyumbani. Ilipofika dakika ya saba, namba ya Lenny, Wamalwa alipiga kofi moja, na Rangers wote wakaketi kwenye nyasi. Mpira ukajiviringisha wenyewe, ukasimama. Refa alipuliza filimbi, akapuliza tena, kisha akaishusha mdomoni. Wachezaji wa timu pinzani walitazamana, na wao pia wakaanza kukaa, mmoja baada ya mwingine. Uwanja mzima ukanyamaza hadi mabati ya jukwaa yakasikika yakilialia kwa upepo. Walikaa vile kwa dakika nzima. Walipoinuka, Wamalwa aliona kwenye jukwaa la wageni mwanamume mwenye miwani myeusi akiwapiga picha kwa utaratibu, uso mmoja baada ya mwingine, kama anayepanga mayai kwenye trei.

Walitarajia adhabu. Badala yake alikuja Njambi Gichuru.

Njambi alikuwa mkuu wa matangazo wa Malisho, kampuni ya maziwa iliyokuwa mfadhili wa timu. Alikuwa na sauti laini, na alikuwa na tabia ya kukugusa mkono akizungumza nawe. Alikuja na mpiga picha na mabunda ya fulana zilizoandikwa *Keti na Lenny*.

"Kapteni, mmetufanya tulie ofisini," alisema. "Kampuni iko nyuma yenu. Hii si biashara, hii ni utu."

"Na serikali ikiwauliza?" Wamalwa alimuuliza.

"Sisi tunanunua maziwa ya wakulima wa vijiji vya Ziwa, Kapseret, kila mahali. Nani atagusa kampuni kama hiyo? Na mkiwa chini ya mwavuli wetu, nani atawagusa nyinyi?"

Maneno yale yalikuwa na utamu, na mfa maji hukamata maji. Mideva alikubali picha yake itumiwe. Wachezaji walikaa mbele ya kamera mmoja mmoja, wakaulizwa maswali kwa upole. Wazo la kuketi lilitoka wapi? Lenny alikuwa anatembea na kina nani? Walikuwa wanakutana wapi kabla ya maandamano? Wamalwa alijibu kwa moyo mweupe. Alitaja hata nyumba yake mwenyewe, kwamba kina Lenny walikuwa wakija pale kunywa chai na kupanga.

Mkewe, Nasike, alisikia habari hizo jioni akiwa anasonga ugali, akaacha mwiko ukasimama sufuriani.

"Umewaambia nyumba yetu?"

"Ni kampuni, mama. Wanatusaidia."

"Ng'ombe akilishwa vizuri Disemba asifikiri anapendwa," Nasike alisema, akarudi kwenye ugali wake.

Baada ya muda mfupi uso wa Wamalwa ulikuwa kila mahali. Bango kubwa lilisimamishwa kwenye barabara ya kuelekea uwanja wa ndege: yeye ameketi golini, macho chini, na pembeni yake glasi ya maziwa. Kwenye pakiti za Malisho kulichapishwa mchoro wake na picha ndogo ya Lenny. Watoto wa Langas wakawa wanamwita Kipa wa Maziwa. Watu waliokuwa hawajawahi kununua Malisho sasa walinunua, wakapiga picha wameketi na pakiti mapajani. Kule kuketi kwenyewe kulihamishwa hadi mwisho wa mapumziko, ili televisheni isikose nafasi ya matangazo, na msichana mwenye kipaza sauti akawa anatangaza: "Dakika ya kuketi, inayoletwa kwenu na Malisho!" Watu walipiga makofi. Wamalwa alikaa kwenye nyasi akasikia yale makofi. Hakuna aliyenyamaza tena.

Na Lenny hakurudi. Wakati huo gari jeupe lilianza kuonekana. Mara limeegeshwa karibu na kinyozi, mara mbele ya kanisa wakati wa ibada, injini ikinguruma polepole, vioo vyeusi. Halikufanya lolote. Lilikuwepo tu. Nasike akaacha kuanika nguo nje.

Kisha siku moja Wamalwa alinunua maziwa dukani kwa Mama Waiyego, akakuta pakiti ina mchoro wa watoto wenye sare za shule.

"Na mimi nimeenda wapi?" aliuliza kwa utani.

"Hukusikia redioni?" Mama Waiyego alisema. "Malisho ndio watapelekea shule zote maziwa. Wamepewa na serikali. Mkubwa wao alikuwa huko Nairobi akisalimiana na mawaziri."

Siku iyo hiyo Njambi aliwaita wachezaji. Safari hii hakumgusa mtu mkono. Alisema kampeni ilikuwa imezaa matunda, na sasa ilikuwa imefika mwisho wake wa kawaida. Kuketi hakungeruhusiwa tena. Kampuni haikuwa inaegemea upande wowote.

"Kwani Lenny amepatikana?" Wamalwa aliuliza.

Njambi aliangalia simu yake. "Kapteni, tafadhali. Fikiria familia yako."

Alilitamka neno *familia* polepole, bila kuinua macho, na Wamalwa hakuelewa kama alikuwa anamtisha au anamwonya.

Jumamosi walicheza na timu ya kutoka Nandi. Kabla ya kutoka chumba cha kubadilisha nguo, Wamalwa aliwatazama wenzake. Kila mmoja alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Hakuwalaumu. Walikuwa na watoto, walikuwa na kodi, walikuwa wameliona lile gari.

Ilipofika dakika ya saba aliketi golini peke yake.

Mchezo uliendelea. Ikawa kama ndoto mbaya, kuona miguu inakuja na wewe huinuki. Mshambuliaji wa Nandi, Kibet, aliwapita walinzi, akafika mbele ya goli, na hapo akaukanyaga mpira kwa wayo wa kiatu akausimamisha.

"Kapteni, inuka bana," alisema akihema. "Usinifanye nifunge hivi."

Wamalwa aliendelea kutazama nyasi. Kibet alisubiri. Benchi lake lilikuwa linapiga kelele. Mwishowe aliusukuma mpira taratibu ukampita kipa, ukavuka mstari, naye akageuka na kuondoka akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu atokaye mazishini. Jukwaani watu walizomea. Pakiti ya maziwa ilirushwa, ikapasuka mgongoni mwa Wamalwa, na maziwa yakamtiririkia hadi kiunoni. Dakika ilipoisha alisimama, akacheza hadi mwisho.

Kocha Vincent ndiye aliyempa habari za kufukuzwa, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. "Wamesema usirudi hata kuchukua vitu vyako. Nitakuletea," alisema. Halafu akashusha sauti. "Ronnie, usipitie njia ya kila siku."

Lenny alirudi Jumatatu. Wanawake waliokuwa wakipeleka maziwa kwa mikebe barabara ya Ziwa walimkuta asubuhi, ameketi kando ya shamba la mahindi bila viatu, akitazama mbele. Walimtambua kwa zile pakiti, maana uso wake uliwahi kuchapishwa humo. Mideva alipoletewa mwanawe alimshika uso kwa mikono yote miwili, hakulia, akamwingiza ndani na kuteremsha pazia.

Wamalwa alifika mbio. Kijana aliyekuwa na mdomo usiojua kufungwa sasa alikaa pembeni ya kitanda, magoti yamekutana, akisema neno moja moja kama anayeyanunua.

"Walikuwa wananionyesha video, Kapteni."

"Video gani?"

"Yako. Umekaa kwa kiti, nyuma kuna nembo ya Malisho. Unasema tulikuwa tunakunywa chai kwako." Alilitazama pazia. "Wananionyesha, halafu wanauliza: hapa anasema nani alikuwa? Na huyu? Mimi nikikataa, wanairudisha mwanzo."

Wamalwa alisimama. Zile kamera, ile sauti laini, yale maswali. Alitoka nje akampigia Njambi. Simu iliita sana kabla haijashikwa.

"Ni nani aliwapa ile video?"

Njambi akasema, na sauti yake haikuwa laini tena: "Sikujua, Wamalwa. Naapa. Ilipelekwa kutoka juu, wakati wakijadili ile kazi ya mashule. Kama zawadi. Usinipigie tena. Na huyo kijana asikae hapo. Wanasema waliomwachilia hawakukubaliana wote."

Hakukuwa na muda wa hasira. Nasike na watoto walipanda gari la saa nne kwenda kwao Bungoma. Mideva alikataa kuondoka. "Wakija wakute mtu," alisema, "wasijue kwamba ameenda." Alimfungia mwanawe viazi vitamu kwenye leso na kumpa viatu vya baba yake aliyekufa, vilivyokuwa vikubwa mno.

Nderitu, mfanyabiashara wa mahindi ambaye Wamalwa alimjua tangu zamani za kupakia magunia, alikuwa anapeleka lori tupu upande wa Kitale. Aliwachukua bila kuuliza lolote. Wamalwa alivaa kofia ikafika kwenye nyusi, Lenny akajikunja katikati ya kiti. Walipita mashamba ya mahindi yaliyokauka tayari kuvunwa. Nderitu alifungua redio, akaizima.

Baada ya kijiji cha Ziwa kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari kijana, mwenye sweta iliyomzidi, alipanda kwenye ngazi ya lori na kuchungulia. Alitazama leseni ya Nderitu, akamtazama Lenny, akamtazama Wamalwa. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Ala! Si wewe ni Kipa wa Maziwa?"

Wamalwa alitabasamu kwa shida. "Watu wananifananisha sana, afande."

"Wacha! Pakiti yako bibi yangu ameibandika kwa ukuta. Tupige picha moja." Tayari alikuwa amenyoosha simu, kichwa chake kati yao. Lenny aliinamisha uso, lakini askari alimgonga bega kwa ucheshi. "Wewe pia angalia hapa, usiogope."

Simu ililia kidogo, picha ikachukuliwa. Askari aliwatakia safari njema na kuteremka. Kizuizi kikavutwa. Lori lilipoanza kutembea, Wamalwa aliangalia kioo cha pembeni: askari alikuwa amesimama katikati ya barabara, ameinama juu ya simu yake, kidole gumba kikienda mbio.

"Anamtumia nani?" Lenny aliuliza.

"Labda bibi yake."

Nderitu alibadilisha gia. "Na kama si bibi yake?"

Mbele kidogo, palipokuwa na njia ya trekta inayoingia mahindini, Wamalwa alimwomba asimame. Waliteremka. Lori likaendelea na vumbi lake. Walitembea katikati ya mistari ya mahindi, majani makavu yakiwakwaruza mashavu, Lenny akiburuta viatu vya marehemu baba yake.

Hawakuwa wamefika mbali simu ya Wamalwa ilipotikisika. Ilikuwa Nderitu, na aliongea kwa sauti ya mtu anayejifanya anaongea na mwingine.

"Ndiyo, mama, nitachelewa kufika. Kuna gari jeupe limenisimamisha huku mbele. Hawa wazee wanataka kujua mahali niliacha mzigo." Nyuma yake mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. "Nimewaambia sikubeba mzigo."

Simu ikakatika. Wamalwa aliizima, akatoa laini, akaivunja kwa meno. Lenny alikuwa amesimama akimtazama, viazi vyake vimekumbatiwa kifuani.

"Tunaenda wapi sasa, Kapteni?"

Jua lilikuwa bado juu, na mahindi yalikuwa yanafika kichwani tu. Kutoka upande wa barabara ulisikika mngurumo wa injini, polepole, ukikaribia, ukisimama, ukianza tena.

"Inama," Wamalwa alisema, akamshika mkono. "Twende."