Bado ya Mwokaji

Hakuna aliyemwita Sindano kwa jina lake, na mwenyewe hakujali. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye ulimi unaochoma, basi jina hilo la utani lilimkaa sawasawa. Lakini Jumapili hii ulimi ulimwishia nguvu. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido ya hospitali, nguo zimelowa, mchanga umemjaa mpaka masikioni, na kila alipotaka kujitetea hakujua aanzie wapi.

Nyuma ya mlango uliokuwa mbele yake alilazwa wifi yake, dada wa mumewe. Alikuwa amezama baharini, akatolewa, akawekwa mchangani hapumui, na mwokoaji wa kujitolea aliyekuwa zamu pale ufukweni alikuwa Sindano huyuhuyu. Badala ya kumbonyeza kifua, Sindano alimlaza ubavu, akamshika kidevu, akatulia kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Watu waliona. Watu wana macho, jamani, na midomo wanayo pia. Habari zilifika hospitali kabla ya gari la wagonjwa.

"Nimeambiwa ulikuwa unamtazama tu," mama mkwe wake alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mama, nilidhani anapumua."

"Ulidhani."

"Nilimuuliza mwenzangu, akaniambia..."

"Wifi ni wifi," mama mkwe akasema, akageukia ukutani.

Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Mwezi uliopita gauni ambalo Sindano alimshonea wifi yake lilifumuka mgongoni mbele ya wageni. Wifi akamwita fundi wa magunia. Sindano naye, mdomo haujui kulala, akajibu kwamba gunia hushonwa kufuata mzigo. Lo! Tangu siku hiyo walikuwa wakisalimiana kwa kope. Sasa hebu niambie wewe, mtu wa namna hiyo akikutwa amemshika kidevu wifi yake asiyepumua, nani ataamini habari za kudhani? Hata mumewe, ambaye kwa kawaida hutetea hata paka wa jirani, alikuwa amesimama dirishani na kumpa mgongo. Sindano aliuogopa mgongo ule kuliko maneno yote ya mama mkwe. Kama mume wake ataamini kwamba alimwacha dada yake afe makusudi, basi ndoa imekwisha.

Na yeye mwenyewe, tusifichane, alikuwa amevurugika. Alijaribu kuyapanga mambo ya mchana ule kichwani, na kila akiyapanga yanazidi kumchanganya.

Ilikuwa hivi. Mwenzake wa zamu alikuwa mwokaji mikate. Watu walizoea kumtania kwamba kutoka mwokaji kwenda mwokoaji ni herufi moja tu. Mwokaji ndiye aliyeingia majini na ubao, akapambana na mkondo, akamtoa wifi. Alifika mchangani hoi, anatapika maji ya chumvi, akamwinamia wifi na kumtegea sikio puani. Upepo unavuma, mawimbi yanapiga. Sindano akaja mbio na mkoba wa huduma ya kwanza, akapiga kelele, "Bado anapumua?"

"Bado!" Mwokaji akajibu.

Basi. Sindano akafanya alichofundishwa kumfanyia mtu anayepumua: ubavu, kidevu juu, subiri gari. Mwokaji, ameshajivuta kando, yuko magotini anakohoa, akapiga tena kelele, "Bado! Bado!" Sindano akaitikia, "Sawa, nimesikia!" Kwa muda gani? Hapo akili yake iligoma. Kijana wa kukodisha miavuli alisema ni kufumba na kufumbua. Mama mmoja aliapa kwamba mtu angeweza kumaliza kikombe cha chai. Mpaka Mwokaji akajikokota na kufika pale walipo.

"Dada, mbona humbonyezi?"

"Si umesema bado?"

"Ndiyo! Bado!"

"Bado anapumua!"

"Bado hajapumua!"

Wakatazamana. Kisha Mwokaji akashusha mikono yake mizito kifuani mwa wifi, akabonyeza kama anayekanda unga, mpaka wifi akakohoa maji.

Sasa kosa la nani? Mafunzo yao yalikuwa ya wikiendi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu asiyepumua, na walijifunzia kwenye sanamu ya mpira waliyoiita Bwana Kimya. Wikiendi hiyo Sindano alikuwa amezidiwa na sare za shule, hakwenda. Ya pili ilikuwa ya mtu anayepumua. Wakalazana wao kwa wao mchangani, wakicheka mpaka mbavu zikauma. Hiyo nayo Mwokaji aliikosa, tanuri lake lilikuwa bovu. Mkufunzi akawaambia wasijali, watafundishana. Hawakufundishana, nani ana nafasi? Wakapewa fulana na filimbi, wote sawa. Na Bwana Kimya hajawahi kuvuta pumzi tangu atoke kiwandani, kwa hiyo kwa Mwokaji bado ilikuwa na maana moja tu. Kwa Sindano, ambaye maiti wake wote walikuwa wakicheka, nayo ilikuwa na maana moja tu, ile nyingine.

Mkufunzi mwenyewe akatokea mwisho wa korido, kifua mbele, filimbi shingoni. Sindano akasimama. Huyu ndiye wa kumwondolea lawama, alifikiri, maana huyu anajua alichowafundisha na ambacho hakuwafundisha.

"Poleni sana, Mama," Mkufunzi akasema.

"Tumeshapoa. Wewe ndiye uliyewafunza hawa?"

"Ni mimi, Mama."

"Walifunzwa vya kutosha?"

Mkufunzi akamtazama Sindano, halafu akatazama dari. Akisema hapana, kituo chake cha waokoaji kitafungwa kesho asubuhi, na kituo kile alikijenga kwa jasho lake, ubao kwa ubao. "Wote walifaulu," akasema. "Kiwango chetu ni cha juu. Kila mmoja anajua la kufanya."

Mume akageuka kutoka dirishani. "Kwa hiyo mke wangu alijua."

"Alijua."

Sindano akakaa. Kama nilifunzwa, basi nilijua. Kama nilijua, mbona sikufanya? Akaitazama mikono yake. Au moyo ulijua, mikono ikakataa kwa sababu ya gauni? Wallahi, kwa dakika ile hata yeye hakujiamini. Alitamani mtu yeyote amwambie yeye ni mtu wa namna gani.

"Hebu nionyeshe," mume akasema. Alivua koti lake akalitandaza kwenye benchi. "Huyu ni dada yangu, katolewa majini. Nionyeshe alichotakiwa kufanya."

Mkufunzi alipenda sana kuonyesha. Akapiga magoti palepale. "Rahisi kabisa. Nafika mbio. Namuuliza mwenzangu aliyemtoa." Akamgeukia Mwokaji, aliyekuwa amejikunyata pembeni ndani ya blanketi. "Vipi, bado anapumua?"

"Bado!" Mwokaji akajibu, hata hakufikiri.

Mkufunzi akainua mikono juu ya koti. Ikabaki hewani. Akalitazama koti. Akamtazama Mwokaji. Akalitazama tena koti.

"Bado... vipi?" akauliza.

Muuguzi aliyekuwa akisukuma kitoroli naye alisimama.

"Mbona humbonyezi, Mkufunzi?" mama mkwe akauliza. "Koti linakufa."

Mume akacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekuwa karibu kulia. Akaja akakaa kando ya mkewe, bega kwa bega, asijali maji wala mchanga. "Nisamehe, mke wangu," akasema. Sindano alitaka kufurahi lakini furaha haikupata pa kukaa.

Mama mkwe aliendelea kumkazia macho Mkufunzi, aliyekuwa akijipangusa magoti kwa muda mrefu kuliko yalivyochafuka. "Kwa hiyo haikuwa chuki," akasema.

"Haikuwa, Mama," Sindano akajibu.

"Ni kutojua."

"Ndiyo, Mama."

"Heri ingekuwa chuki, mwanangu. Chuki ingekuwa yako peke yako."

Mlango ukafunguliwa, daktari akasema mgonjwa yuko macho, anaongea, na anamuulizia wifi yake. Aingie mmoja tu.

Sindano akaingia. Wifi alikuwa ameegeshwa kwenye mito, mrija puani, macho mekundu. Sindano hata hakutoa salamu. "Nilidhani unapumua," akasema. "Haki ya Mungu, wifi, nilidhani unapumua."

Wifi alikunja uso. Hakuwa na habari ya kidevu wala ubavu wala maneno ya korido. Alikuwa na jambo lake, na alilisema polepole kwa sauti iliyokwaruzwa na chumvi.

"Mimi naogopa bahari tangu utoto, unajua. Siku zote naishia magotini. Leo nikakuona umesimama pale na filimbi yako. Nikasema, aa, niogope nini? Si wifi yangu yupo? Nikaenda mpaka kwenye mawimbi makubwa."

Sindano akashika chuma cha kitanda.

"Ilikuwa raha," wifi akasema, akafumba macho. "Nikipona nitarudi. Wewe si utakuwepo?"

Sindano akakiachia kitanda, akaivua filimbi shingoni.