Asante ya Maziwa

Mwanamke aliyesimama mlangoni hakuwa wa kambi. Constantin alilijua hilo kwa kutazama miguu yake tu. Mke wa mfanyakazi gani angezunguka Jumapili, watu wametoka misa, akiwa peku na vumbi la njiani mpaka magotini? Nyuma yake alisimama kijana mwenye mabega mapana kama mlango, amebeba mzigo uliofungwa kwa kitambaa.

"Odi," mwanamke alisema. "Ni hapa njo kwa Constantin, kapita wa mawe?"

"Ni hapa. Karibu, mama."

Hakuingia. "Miye niko bibi ya Léonard."

Constantin aliinuka haraka, tonge la bukari bado mkononi. Mke wa Léonard! Yeye na Léonard walikuwa wameandikwa kazi siku moja, wakapakua mawe ya shaba bega kwa bega kiwandani, hadi Léonard alipoanza kukohoa na kurudishwa kwao kaskazini, eti akapumzike. Tangu hapo hapakuja habari.

"Ingieni, ingieni! Germaine, ongeza bukari. Na yeye iko wapi? Kifua ilipona?"

"Alikufa, baba. Mbele ya Pasaka."

Germaine, mkewe Constantin, aliuweka mwiko chini polepole. Nje, watoto wa jirani waliendelea kupigana mateke kwa furaha, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwanyamazisha. Mwanamke aliingia, akakaa kwenye mkeka, akasema jina lake ni Albertine, na ametembea kwa miguu hadi Kambove, kisha akapanda treni ya mawe.

"Yeye njo alinituma," alisema. "Aliniambia: siku utafika Élisabethville, tafuta Constantin, umuambie aksanti ya maziwa."

Constantin alilirudisha tonge kwenye sahani.

Kundi lake, kundi la wapakuaji ambalo sasa yeye alilisimamia kama kapita, lilikuwa na kitu ambacho makundi mengine yalikionea wivu. Kila jioni, behewa la mwisho likishakuwa tupu, kila mtu alipewa kikombe cha maziwa. Maziwa yanaosha kifua, waliambiwa siku ya kwanza, na wao wakaamini kama mtu anavyoamini kwamba sabuni inaosha mikono. Vumbi likizidi mpaka mtu hamwoni mwenzake, walicheka na kusema leo maziwa yatatoka jasho. Kikohozi cha Léonard kilipoanza, Constantin akawa anampa na kikombe chake. Kiangazi chote alimpa. Alikuwa akienda nyumbani na koo kavu na moyo mwepesi, akijiambia kwamba anamponya rafiki yake.

"Aliyakunywa yote?" aliuliza mwishowe.

"Yote. Hata kwetu nilimutafutia ya mbuzi. Alikunywa mupaka siku ya mwisho, na kila akikohoa, kitambaa inabakia rangi ya majivu." Albertine alimtazama bila hasira. "Maziwa inaenda ku tumbo, baba. Vumbi yeye haikai ku tumbo."

Ilikuwa habari ya wazi mno. Constantin alishangaa kwamba miaka yote ile, katika watu wote waliokuwa wakipanga foleni na vikombe vyao, hakuna aliyewahi kuisema.

Albertine aligeuka akamwonyesha kijana. "Huyu ni mudogo yangu, Paulin. Banamuandika kazi. Kesho anaanza."

"Anaanza wapi?"

"Kwako. Ku mawe."

Paulin alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri, na alionekana kufurahi kwamba kapita wake ni mtu mwenye nyumba ya matofali na vyumba viwili.

"Siko nakuomba umutoshe pale, umupeleke kazi ingine," Albertine alisema. "Najua hauna nguvu ile. Nakuomba kintu kidogo. Wagoni yake, mbele aipakue, uimwangie maji. Ya kwake tu. Léonard aliniambia siku mvua ilinyesha ku mawe, njo siku alilala muzuri."

"Nitaimwangia."

"Siku moja ao kila siku?"

"Kila siku niko pale, mama, hatapakua mawe kavu."

Ahadi ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliona haya hata kuapa. Maji! Bomba lilikuwa pale pale kiwandani, ukutani, hatua chache kutoka kwenye reli.

Lakini kulikuwa na sababu kwa nini hakuna aliyeligusa. Mawe makavu hutiririka yenyewe. Ukilifungua behewa upande mmoja, nusu ya mzigo huporomoka kwenye shimo la mashine ya kuponda kabla hujainua beleshi. Mawe yaliyoloa hushikana, hunata kwenye bati, na kila beleshi hupanda kama limebeba mtoto aliyelala. Na kundi halikuruhusiwa kwenda nyumbani hadi behewa la mwisho liwe tupu.

Jumatatu asubuhi Constantin alifungua bomba, akajaza ndoo, akapanda kwenye behewa la Paulin na kumwaga. Kisha ndoo nyingine. Kundi zima liliacha kazi kumwangalia.

"Ee, bantu!" alipaza sauti Rigobert, mcheshi wa kundi. "Padri Constantin anabatiza mawe! Hii tutaiita nani? Maria?"

"Iite bibi yako," mwingine akajibu, "yeye hajaoga tangu Krismasi."

Walicheka wote. Paulin pia alicheka, lakini masikio yake yalikuwa yakimwaka kwa haya. Alikuwa mgeni, na tayari alikuwa na behewa lake la pekee kama mtoto wa kike.

Constantin hakujua kiasi. Alimwaga mengi mno, na unga wa mawe kwenye sakafu ya behewa ukageuka tope. Ni kweli, vumbi halikupanda. Lakini Paulin na mwenzake walikwangua hadi jua lilipokuwa linaegemea bomba la moshi, na wenzao waliokwisha kumaliza walikaa kando wakisubiri. Tope lilipofika kwenye mdomo wa mashine liliukaba. Ikabidi mashine isimamishwe, watu wajipenyeze na vyuma kulizibua. Walipofika kwenye dirisha la maziwa, dirisha lilikuwa limefungwa.

Hapo kicheko kilikwisha.

"Constantin," Rigobert alisema, kikombe kikining'inia kwenye kidole chake, "mi niko na vumbi ya siku nzima mu kifua. Nitaiosha na nini? Na ndoo yako?"

"Maziwa haioshi kifua, Rigobert."

"Nani anasema?"

"Léonard. Alikufa."

Rigobert alishusha kikombe. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Sasa yeye alikunywa ya bantu babili na akakufa. Sisi tusikunywe hata moja, tutapona?" Constantin aliwaacha waende, kwa sababu watu walikuwa wamechoka na njaa, na yeye ndiye aliyewachelewesha.

Jumanne alimwaga kidogo zaidi, mapema, ili maji yapate muda wa kuzama. Ilikuwa nafuu, ingawa bado walichelewa. Safari hii alikuja Bwana mkubwa wa sehemu ile, Mbelgiji ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Upesi kwa sababu ndilo neno pekee alilolitamka bila kosa.

"Nani anafungua maji?"

"Mimi, Bwana. Vumbi inaua bantu."

"Vumbi inaua?" Bwana Upesi alitazama huku na huku, kama anayetafuta maiti. "Bantu banapata maziwa. Mashine haikunywi maji. Treni ya Kambove inangoja wagoni yangu. Upesi, upesi!" Alilifunga bomba kwa mkono wake, akamwita fundi alifunge kwa mnyororo. Kisha akagusa kofia nyekundu kichwani mwa Constantin, kofia ya kapita, kwa ncha ya kidole. "Kofia ao ndoo. Mukono moja haishike bintu mbili."

Usiku ule Germaine hakugombana naye. Ingekuwa afadhali angegombana. Alikunja nguo za mtoto wao Annie, akazipanga, akazikunjua tena.

"Bakikutosha ukapita, banatutosha na mu nyumba," alisema. "Tutarudia kule nyuma, chumba moja, pale moshi inaanguka. Na Annie?"

"Najua."

"Paulin mwenyewe hataki. Bibi ya Rigobert aliniambia. Kijana analia haya, banamuita bibi-arusi."

"Najua, Germaine."

"Basi umuahidie nani? Albertine alisharudia kwao. Haoni."

Constantin alifumba macho. Aliyaona maziwa yakimiminika kutoka kikombe chake kwenda kikombe cha Léonard, meupe, mazuri, kila jioni. Alikuwa ametoa kitu alichokipenda, na hakikusaidia kitu. Sasa alikuwa ameombwa kitu kinachosaidia.

"Alikuja na miguu kuniambia aksanti," alisema. "Juu ya kintu ambayo haikumuponyesha bwana yake. Nitamufungia maji?"

Germaine aliziacha nguo. Alizima taa.

Jumatano Constantin aliondoka kambini kabla ya king'ora. Kwenye bomba la kambi wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao, na wakamcheka kuona kapita akisimama kwenye foleni yao. Alijaza ndoo yake, akaibeba begani, akapita barabara yote ya kiwanda huku maji yakimchuruzika mgongoni. Alipofika kwenye reli, mabehewa yalikuwa yamepangwa, kundi likisubiri, na Bwana Upesi amesimama katikati, mikono nyuma. Bila shaka mtu alikuwa amemwambia.

Hakuna aliyetania. Hata Rigobert alitazama chini.

Constantin aliiweka ndoo kwenye ukingo wa behewa la Paulin. Alivua kofia nyekundu, akaikung'uta vumbi kwenye goti, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya jiwe karibu na viatu vya Bwana. Kisha akapanda, akachota kwa kikombe chake cha maziwa, na kunyunyiza kuanzia kona moja hadi nyingine, taratibu, kama mtu anayemwagilia kitalu cha mchicha, mpaka ndoo ikaisha.

Bwana Upesi hakupiga kelele. Aliiokota kofia, akawatazama mmoja mmoja, akamvisha Rigobert. "Upesi," akasema, akaenda zake.

Rigobert alisimama na kofia ile kama aliyevikwa sufuria ya moto. "Constantin," alianza, akashindwa. Akaigusa kofia. "Chukua beleshi. Ingia... ingia wagoni ya Paulin." Kisha akageuka na kuwapigia wengine kelele kwa nguvu kupita kiasi.

Mabehewa yakafunguliwa. Mawe makavu yakaporomoka, na vumbi la Kambove likapanda katika mstari mzima, likawafunika watu mpaka zikabaki sauti za kukohoa na mabeleshi. Lilisambaa hadi kwa Constantin na Paulin pia, kwa kuwa upepo wa Agosti haumwulizi mtu. Lakini chini ya miguu yao halikuinuka. Constantin alichimba. Mikono yake, iliyokuwa imesahau mpini, iliungua.

"Yaya," Paulin alisema kwa kinyongo, akimwita kaka mkubwa bila kumtazama. "Iko nzito."

"Iko nzito," Constantin alikubali. "Chimba."

Alimtazama kijana akiinama, akiinuka, jasho likimtiririka shavuni. Kwenye mabehewa mengine hakuona mtu kwa vumbi. Uso huu mmoja aliuona.